Uzi: Video ya "Afrika inapasuka" imerudi tena kwenye magrupu. Njooni tuongelee kilichopo chini ya miguu yetu

Kisunzu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi shangazi kanipigia simu saa nne usiku. Shangazi yangu akipiga saa hizo, ama kuna msiba ama kuna kiwanja. Safari hii ilikuwa kiwanja. Ana robo eka pale Mto wa Mbu, chini ya ule ukuta wa Bonde la Ufa, na kwenye grupu lao la kikoba wamerushiana video ya ufa wa Mai Mahiu, kule Kenya: barabara imekatika, shimo limeachama, na sauti nzito inasema Afrika imeanza kupasuka na bahari iko njiani. Swali lake: "Mwanangu, niuze sasa kabla wengine hawajajua?"

Mimi nimesoma jiolojia na nimekaa miaka kadhaa kwenye mitambo ya kuchoronga miamba huku Kanda ya Ziwa. Kazi yangu ilikuwa kupokea mawe yanayotoka shimoni, marefu na ya duara kama mua, kuyapanga kwenye trei na kuandika nimeona nini mita kwa mita. Nilijaribu kumweleza shangazi, dakika zikaisha. Nikaona nilimwage hapa, nimtumie linki.

Tuanze na video. Ufa ule ni wa kweli, ulitokea Machi 2018 kwenye barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, baada ya mvua kubwa. Ardhi ya pale ni majivu ya volkeno yaliyolala kwa miaka mingi, laini kama unga. Maji yakipata njia chini, yanabeba udongo kimyakimya, juu panabaki kama dari lisilo na nguzo. Siku dari likianguka watu wanasema ardhi imepasuka. Inawezekana kabisa chini yake kulikuwa na ufa wa zamani uliojaa majivu na ndio uliyaonyesha maji pa kupita. Ila kilichofungua shimo wiki ile ni maji. Bara halipasuki kati ya Jumatatu na Ijumaa.

Bara linapasuka kweli, lakini kwa mwendo wake, na kuuelewa mwendo huo lazima tushuke. Juu kuna gamba, hili tunalojengea. Chini ya mabara lina unene wa kilomita 30 hadi 50 hivi, chini ya bahari haligongi 10. Ukilifananisha na chungwa, gamba la dunia ni jembamba kuliko ganda la chungwa lenyewe. Chini yake kuna mantili, vitabu vingine huita koti la dunia, mwamba mtupu hadi kilomita 2,900 hivi. Hapo unaingia kiini cha nje, chuma na nikeli vilivyoyeyuka, ndiko unakotoka usumaku unaoelekeza dira yako. Halafu kuanzia kilomita 5,150 hadi katikati kabisa, 6,371, kuna kiini cha ndani, chuma kigumu kwenye joto la nyuzi 5,000 na ushee.

Shule wanaishia hapo, unachora mayai matatu ndani ya jingine, unapewa alama nne. Utamu unaanzia baada ya hapo. Nitaendelea, nikipata chai.

Kondakta

Nimevuta kiti. Mwenye karanga asogee huku.

Sauti ya Tatu

Mleta uzi, heshima yako, lakini hapo umetupiga na kitu kizito. Kilomita 6,371 nani kaenda? Nani kashuka na futi? Wanasayansi wanakadiria halafu sisi tunakariri.

Kisunzu

> Sauti ya Tatu amesema: nani kaenda?

Hakuna. Na ni swali zuri kuliko unavyodhani. Shimo refu zaidi kwenda chini ni la Warusi, kule rasi ya Kola. Walianza 1970, mwaka 1989 wakafika mita 12,262. Karibu miaka 20 ya kuchoronga, shimo lenye mdomo mwembamba kuliko ndoo, na hawakufikia hata sehemu moja ya mia tano ya safari ya kwenda katikati... ngoja nihesabu vizuri. Asilimia 0.2, haifiki. Joto likafika nyuzi 180, mwamba ukaanza kuwa kama unajifunga wenyewe nyuma ya mtambo, wakaishia hapo. Gamba lenyewe hawakulimaliza.

Sasa umeshamwona mama sokoni akichagua nazi? Haipasui. Anaitikisa sikioni, anasikiliza maji. Dunia nayo inatikiswa kila siku, na matetemeko. Tetemeko moja kubwa linapiga mawimbi yanayopita ndani ya dunia na kutokea upande wa pili, na huko kuna mashine zinazosubiri. Mawimbi yako ya aina mbili yanayopita ndani. Moja linasukuma na kuvuta, hili linapita kwenye kigumu na kwenye kimiminika. Lingine linatikisa kwa ubavu, hili kwenye kimiminika halipiti kabisa, kwa sababu maji huwezi kuyakunja yakarudi. Basi tetemeko likitokea upande mmoja, mashine za upande wa pili wa dunia hazilipati lile la ubavu. Kuna kitu kimelizuia katikati. Ndivyo tulivyojua kiini cha nje ni kimiminika.

Na kiini cha ndani kiligunduliwa na mwanamama wa Denmark, Inge Lehmann, mwaka 1936. Alikuwa anasoma karatasi za tetemeko la New Zealand la 1929, akaona mawimbi madogo mahali ambapo hayakutakiwa kuwepo. Wengine walishayaona. Yeye ndiye aliyekataa kuyapuuza, akasema yamegonga kitu ndani ya kile kiini. Aliishi hadi miaka 104, kwa hiyo alipata muda wa kutosha kuwaona wakikubali.

Apolo Mstaafu

Wakuu, mimi sijasoma hayo lakini joto la chini nalijua kwa ngozi. Nimekaa Mererani miaka tisa. Tunashuka kwa kamba na ngazi za miti, ukifika chini cha kwanza ni kuvua shati. Dumu la maji mliloshuka nalo la baridi, baada ya saa moja ni kama ya kuogea mtoto. Kompresa ya hewa juu ikizimika kidogo, watu wanaanza kuangaliana bila kusema. Kwa hiyo mtu akiniambia huko chini kuna moto, mimi sibishi.

Kisunzu

Apolo, pole na hongera kwa kutoka salama. Ila nikusahihishe kwa heshima: joto lile la mita mia kadhaa sehemu kubwa ni nyinyi wenyewe. Miili, taa, baruti, na hewa isiyozunguka. Dunia yenyewe kwa kawaida huongeza nyuzi 25 hadi 30 tu kwa kila kilomita unayoshuka. Kule Mponeng, Afrika Kusini, wanachimba dhahabu karibu kilomita 4 chini, mwamba unagonga nyuzi 60 na kitu na wanashusha barafu ili watu wafanye kazi.

Na hilo jiwe ulilokuwa unalitafuta lina mengi ya kutuambia. Tanzanaiti ilipikwa miaka takriban milioni 585 iliyopita, wakati vipande vya mabara vilipogongana na kuungana hapa mashariki mwa Afrika. Milima iliyoinuka wakati huo imeshalika yote, mmebaki mnachimba mizizi yake. Yaani Mererani ni kovu la mabamba (vile vipande vikubwa vya dunia vinavyohama) yaliyoungana, na iko kilomita chache tu kutoka mahali yanapoachana sasa.

Mtu wa Naivasha

Habari zenu wadau. Hizo nyuzi 25 kwa kilomita labda kwenu. Hapa Olkaria wanachimba visima vya kilomita 3 na wanapata nyuzi zaidi ya 300. Ukipita asubuhi na baridi unaona mvuke mweupe umesimama juu ya mabomba, na swara wanakula nyasi chini yake kama hakuna kitu. Stima imetoka hapo tangu 1981, na sasa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya ni wa mvuke. Kwa hivyo hiyo bahari ya moto watu husema iko chini ya ardhi, iko karibu sana kwetu ama?

Sauti ya Nyikani

Bahari ya moto. Maandiko yalishasema, wanasayansi ndio wanachelewa. Tunatembea juu ya jehanamu, tumewekewa ganda tu kwa rehema.

Kisunzu

Sauti ya Nyikani, la jehanamu nakuachia wewe na mchungaji wako. Mimi nitashika neno moja tu, "bahari".

Hili ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi. Watu wengi, na walimu wengine, wanaamini kwamba chini ya gamba kuna uji wa moto na mabara yanaelea juu yake kama ngalawa. Sivyo. Mantili ni mwamba mgumu. Lile wimbi la ubavu nililosema halipiti kwenye kimiminika, linapita mantili yote, kilomita 2,900, bila shida. Ingekuwa uji lingekwama juu kabisa.

Sasa mgumu na bado unatiririka, inakuwaje? Nendeni kwenye kambi ya wajenzi wa barabara mkaangalie pipa la lami asubuhi na baridi. Ipige nyundo, inapasuka vipande vyenye makali kama chupa. Laza pipa hilohilo kwa ubavu bila mfuniko, rudi baada ya muda mrefu, lami imetoka imelala chini kama ulimi. Ukiiharakisha inavunjika, ukiipa muda inatiririka. Mantili ni hivyo, ila muda wake ni mamilioni ya miaka.

Na kwa nini haiyeyuki na joto lote lile? Mgandamizo. Mnajua yale masufuria ya presha: maji ndani yanapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa. Mwamba nao ukibanwa na kilomita mia za mwamba mwenzake hauna nafasi ya kuyeyuka. Mpunguzie mgandamizo, yaani mnyanyue kuja juu haraka, ndipo sehemu yake ndogo inayeyuka. Hiyo sehemu ndogo ndiyo magma. Ndugu yangu wa Naivasha, kwenu gamba limevutwa likawa jembamba, mantili imepanda, ikayeyuka kidogo, na mifuko ya magma imekaa kilomita chache chini ya Olkaria inachemsha maji ya mvua. Umekaribia jiko. Bahari haipo.

Mhunzi Wetu

Mkuu Kisunzu, mfano wa lami una tundu. Lami ni kimiminika kizito sana, si kigumu cha kweli, kwa hiyo umewarudishia ule uji kwa mlango wa nyuma. Mimi nafua majembe. Chuma kikiwa chekundu bado ni kigumu, ukikidondosha kinalia, lakini unakikunja unavyotaka na hakijayeyuka hata tone. Tumia hicho.

Kisunzu

Nimekubali, Mhunzi. Lami naifuta, tunakwenda na chuma chekundu.

Kondakta

Mtu kakubali kosa kwenye uzi! Mods, bandikeni hii juu.

Bibi wa Lindi

Wanangu, mimi nauliza jambo moja. Kwetu Lindi kuna Tendaguru, Wajerumani walichukua mifupa ya dinosaria wakaijaza Berlin. Mjukuu wangu anasema wanyama wa namna ile wamepatikana na Marekani. Walivukaje?

Kisunzu

Shikamoo bibi. Mjukuu yuko sahihi. Wajerumani walichimba Tendaguru kati ya 1909 na 1913, na walichokipata kinafanana sana na mifupa ya magharibi mwa Marekani ya umri uleule, miaka kama milioni 150. Hawakuvuka bahari. Wazee wao walitembea, mabara yalipokuwa bado yameshikana.

Na kuna kitu cha ajabu zaidi kwenu. Madagaska ilikuwa imepakana na pwani yetu hii, ya Kenya, Somalia na Tanzania. Ilianza kuachana nasi miaka milioni 160 na zaidi iliyopita, ikashuka kusini taratibu mpaka ilipo. Bibi ukikaa ufukweni Lindi ukatazama mashariki, unatazama pengo ambalo jirani alihama.

Mjerumani mwingine, Alfred Wegener, alisema mwaka 1912 kwamba mabara yanahama. Wakamcheka, na kwa upande fulani walikuwa na haki, maana hakuwa na jibu la swali "yanasukumwa na nini?" Alifia Greenland kwenye barafu mwaka 1930 bila kulipata. Mmoja wa waliolikaribia jibu ni Mwingereza Arthur Holmes, ambaye mwaka 1911 akiwa kijana alikuja Msumbiji kutafuta madini, akaambulia malaria. Yeye ndiye aliyesema mantili, pamoja na ugumu wake, inaweza kuzunguka polepole: ya moto inapanda, iliyopoa inashuka.

Halafu miaka ya 1950 mama mmoja Marekani, Marie Tharp, akichora ramani ya chini ya Atlantiki kutokana na vipimo vya meli, akaona katikati ya bahari kuna safu ya milima na juu ya mgongo wake kuna bonde refu. Mwenzake akalipuuza, akasema hayo ni maneno ya wasichana. Wakaweka alama za matetemeko juu ya ramani, yakaangukia ndani ya bonde lilelile. Na ukifuata mstari huo unazunguka bahari, unaingia Ghuba ya Aden, unapanda nchi kavu, unafika kwetu. Bonde la Ufa letu ni ndugu wa lile la chini ya Atlantiki, ila hili letu unalivuka kwa basi ukinunua mahindi ya kuchoma.

Sauti ya Tatu

Sawa, nimeanza kulainika. Lakini kinachosukuma ni nini hasa? Holmes kasema mantili inazunguka, haya, na mabamba ni mizigo juu ya mkanda?

Kisunzu

Ndivyo nilivyofundishwa na mimi, na ni nusu ya habari. Anika kanga mbichi kambani, upande mmoja uwe mrefu kuliko mwingine. Uzito wa upande mrefu unaivuta yote mpaka inaanguka. Bamba la bahari linazaliwa kwenye ule mgongo wa katikati ya bahari likiwa la moto na jepesi, linasafiri, linapoa, linakuwa zito, mwishowe linazama chini ya jirani na kuivuta kanga nzima nyuma yake. Ndiyo maana mabamba yenye upande unaozama, kama la Pasifiki, yanakimbia sentimita 7 hadi 10 kwa mwaka, na mengine yanajikokota. Bamba si gamba peke yake, ni gamba pamoja na kipande cha juu cha mantili kilichopoa, unene kama kilomita 100.

Sasa Afrika yetu imezungukwa na migongo karibu pande zote. Kanga yetu inaning'inia kidogo tu huko kaskazini, Mediterania. Nani basi anatuvuta tuachane? Hapa kuna jambo la chini zaidi. Chini ya kusini na mashariki mwa Afrika kuna mantili ya moto iliyopanda kutoka kina kirefu, imeinua nchi nzima. Ethiopia imeinuka, Kenya imeinuka, ndiyo sababu Nairobi ina baridi. Nchi iliyovimba inajivuta kwa uzito wake kwenda pembeni, kama ukuta wa udongo unaofumuka katikati.

Na hapa Tanzania ufa ulikutana na kigingi. Ukipasua gogo lenye kifundo, shoka halipiti kwenye kifundo, linazunguka. Katikati yetu, toka Dodoma hadi Ziwa Victoria, kuna mwamba wa kale, wa miaka bilioni 2 na nusu na zaidi, wenye mzizi mnene na wa baridi ulioshuka chini sana. Ushahidi uko Mwadui: almasi hupikwa kina cha kilomita 150 na kuendelea, na panahitaji mzizi wa namna hiyo. Kwa hiyo mwenye pete ya almasi ya Mwadui amevaa jiwe la kutoka mantili kidoleni, hakuhitaji kwenda Kola. Ufa ulipofika kwenye kifundo hiki ukagawanyika: tawi moja likapita mashariki, Turkana, Naivasha, Natron, Manyara, lingine magharibi, Ziwa Albert, Kivu, Tanganyika, Rukwa. Tanganyika ina kina cha mita 1,470. Ziwa halifiki huko kwa mvua, linafika kwa sakafu yake kushuka.

Goma Kwetu

Jambo kwenu wote. Sisi wa tawi la magharibi tuko hapa tunasoma. Ninyi mnasema polepole, polepole. Siku ya 22 Mei 2021, Jumamosi, jioni, mbingu upande wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkeno, iligeuka nyekundu mpaka ndani ya nyumba tuliona ukuta mwekundu. Watu walitoka na magodoro kwenye chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, wengine kuelekea Sake, wengine mpaka Gisenyi. Lava ilisimama karibu na mji. Tulirudi, halafu siku nyingi ardhi ilitetemeka, mchana na usiku, barabara ilipasuka katikati ya mji. Lava ilikuwa imekwisha, sasa ilikuwa ni nini? Na mwaka 2002 ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani. Nyumba yangu mimi ukuta wake ni mawe ya lava hiyo, meusi, yana vitundu.

Kisunzu

Goma Kwetu, poleni sana. Ziwa la lava la kileleni lilimwagika kupitia ubavuni, hiyo ndiyo mliyoiona. Lakini magma nyingine haikutoka. Ilijipenyeza chini kwa chini kama kisu, kuelekea kusini, ikapita chini ya mji hadi chini ya Ziwa Kivu. Kila ilipopanua mwamba, mwamba ulilia. Hayo ndiyo matetemeko yenu.

Na umenisaidia jambo kubwa. Nikisema milimita kwa mwaka, msidhani ardhi inateleza kila siku kama mkono wa saa. Inajikusanyia deni, halafu inalipa kwa mkupuo. Septemba 2005 kule Afar, Ethiopia, ufa wa kilomita kama 60 ulifunguka katika siku chache kwa magma kuingia chini, sehemu nyingine mita 8. Hayo ni malipo ya karne kadhaa. Kwetu Julai 2007 matetemeko ya Natron yalisikika mpaka Nairobi, na baada ya hapo Ol Doinyo Lengai ikalipuka. Ule mlima nao ni wa peke yake duniani: lava yake ni ya magadi, nyuzi 500 hadi 600 tu, nusu ya lava ya kawaida, inatoka nyeusi kama oili chafu na ikinyeshewa inageuka nyeupe. Wamasai wanauita Mlima wa Mungu, na mimi niliyepanda usiku mmoja nikiwa na tochi mbovu sina cha kubishana nao.

Sauti ya Tatu

Taja namba sasa. Tunaachana kwa kasi gani?

Kisunzu

Ethiopia milimita 6 hadi 7 kwa mwaka. Ukishuka kwetu inakuwa nusu ya hapo au chini, na imegawanywa kwa matawi mawili. Chukua milimita 3. Tangu tupate uhuru Desemba 1961 mpaka leo, kingo mbili zimeachana kama shubiri moja. Nyosha kidole gumba na cha mwisho, ndiyo hiyo. Kupata bahari ya upana wa kilomita 200 kwa kasi hiyo, hesabu miaka milioni 60 na zaidi.

Fundi Kagera

Mimi kasi hainihusu. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilinikuta Bukoba. Vipimo vilisema 5.9. Watu walikufa, nyumba zililala. Nilizunguka kukarabati miezi, nikaona kitu kimoja kinajirudia: nyumba ya tofali za kuchoma zilizoshikwa na udongo, imeanguka. Nyumba yenye lenta ya nondo iliyozunguka kuta zote, imepasuka lakini imesimama. Na ile pembe tatu ya ukuta juu, inayoshika paa, ndiyo inaanguka kwanza, inaangukia kitandani. Watu wanakata nondo za lenta ili wabakize hela ya rangi.

Kisunzu

Shusheni hii ikasomwe na mafundi wote. Tetemeko lile lilianzia kina cha kama kilomita 40, na bado likaangusha nyumba. Na 5.9 si kubwa. Desemba 1910 Rukwa ilipigwa na la zaidi ya 7. Subukia, Kenya, Januari 1928, karibu 7. Msumbiji Februari 2006, 7. Yanarudi.

Binti Mbagala

Na lile la Agosti 2020 la Dar? Nilikuwa ghorofa ya nne naosha vyombo, maji kwenye beseni yakaanza kucheza yenyewe. Tulishuka na taulo. Je, sunami?

Kisunzu

Lile lilitokea baharini kusini mashariki mwa Dar, karibu 6. Huko nako kuna matawi ya ufa yanayopita chini ya bahari. Ila sunami kubwa za Bahari ya Hindi huzaliwa mahali bamba linapozama chini ya lingine, kama Sumatra Desemba 2004. Kwetu hakuna mzamo wa namna hiyo, lakini mawimbi ya kule yalifika hapa, Somalia yakaua mamia. Ukiona bahari imekimbia ghafla, usifuate samaki.

Mtu wa Naivasha

Kuna kitu nataka kuongeza kuhusu Mai Mahiu. Aprili 2024 maji yalishuka usiku kutoka juu, yakazoa watu wakiwa wamelala. Makumi walikufa. Hakuna aliyetengeneza video ya kutisha kuhusu hayo kama ile ya ufa.

Kisunzu

Nimerudi. Shangazi amesoma uzi wote, amesomewa na binti yake. Nikamwambia asimame barabarani pale, atazame: ukuta uko upande wa magharibi tu, mashariki nchi imelala tambarare, maana bonde la pale limezama kwa upande mmoja kama mlango uliokatika bawaba ya chini. Mamia ya mita za ukuta huo zimepatikana kwa mishtuko midogo midogo, na yeye atazikwa kwa uzee kabla haujaongezeka kimo cha kinu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu: "Kwa hiyo Mai Mahiu yalikuwa maji?" Nikasema ndiyo shangazi. "Na ukuta huu wa kwangu mvua ikinyesha juu Karatu maji yanashukia wapi?" Nikanyamaza. Mto wa Mbu hufurika, kila mtu wa pale anajua. "Basi ungesema toka mwanzo, umenizungusha mpaka kwenye kiini."

Kondakta

Hahaha shangazi 1, jiolojia 0. Kiwanja anauza bei gani?

Kisunzu

Hauzi. Anatafuta lori la mawe ainue msingi. Fundi Kagera, nimempa jina lako hapa, atakuulizia kuhusu lenta.